Nyota ya Sakafuni

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umekulia Bagamoyo, atakuuliza habari za bahari, ngalawa na magofu. Mimi hujibu kwamba Bagamoyo yetu haina bahari. Ina migomba, ukungu na mvua. Ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni watu hutembea na makoti mchana.

Hapo ndipo ilipo gereji ya Baba. Ina sehemu tatu za kuegesha magari chini ya paa moja la bati. Katika sehemu ya kwanza, ile iliyo karibu na barabara, kuna nyota ya njano iliyochorwa sakafuni. Ina pembe tano, na upana wake ni kama hatua moja ndefu ya mtu mzima. Katikati yake kuna tundu dogo la msumari. Oili chafu imeikausha rangi yake ikawa kama haradali, na pembe mbili zimefutwa na matairi, lakini hata mgeni akiingia huiona kabla hajaona kitu kingine.

Baba alikuwa na hadithi moja kuhusu nyota hiyo. Aliichora, alisema, usiku ule Tukuyu Stars walipotwaa ubingwa wa Tanzania, mwaka 1986. Redio ilipotangaza, hakusubiri kuche. Alichukua rangi iliyobaki kwenye ubavu wa lori, akawasha karabai, akachora. Niliisikia hadithi hiyo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nikiiona karabai yenyewe.

Baba alifariki mwaka 2019. Gereji ikabaki mikononi mwa kaka yangu mkubwa. Mwaka jana kampuni moja ya vilainishi ilimjia na pendekezo. Wangepaka kuta zote bure, wangeweka sakafu mpya ya epoksi inayong'aa, na wangemlipa kila mwaka kwa sharti moja: nembo yao iwekwe sakafuni katika sehemu ya kwanza, mlangoni, mahali gari linapoingia. Yaani juu ya nyota.

Kaka alinipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesomea historia. Niambie kama kile kitu kina thamani, au ni rangi tu." Nilipanda basi nikaenda. Nilidhani kazi itakuwa rahisi.

*

Nilianza kwa kutafuta watu wengine waliowahi kuchora alama za biashara sakafuni, nikawapata mbali sana. Huko Ostia, bandari ya Roma ya kale, kuna uwanja uliozungukwa na vyumba vidogo vya wafanyabiashara. Mbele ya vyumba hivyo, sakafu imepambwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kuwa picha za meli, mnara wa taa na samaki, pamoja na majina ya miji waliyotoka wenye meli. Wafanyabiashara wa Sabratha, mji uliopo Libya ya leo, waliweka picha ya tembo. Mtu asiyejua kusoma aliangalia chini akajua amefika mlango gani. Miaka kama 1,800 imepita, na tembo yule bado yupo.

Kule kusini mwa India, wanawake wa Kitamil huchora kolamu mbele ya mlango kila asubuhi, kwa unga wa mchele. Kufikia jioni miguu imeshaifuta. Kesho yake wanachora nyingine. Wao hawaoni hasara yoyote, kwa kuwa alama ya sakafuni, tofauti na ya ukutani, imewekwa ili ikanyagwe.

Nikajiuliza sisi tuko upande gani, wa tembo au wa unga.

Sakafu ina historia yake hapa Rungwe. Mwaka 1879, Joseph Thomson, kijana wa Uskoti mwenye umri wa miaka 21 tu, alipita kaskazini mwa Ziwa Nyasa akiongoza msafara wa Royal Geographical Society. Mkuu wake, Keith Johnston, alikuwa amefia njiani. Aliyoyaona Unyakyusa yalimshangaza: nyumba zilizojengwa kwa ustadi wa mianzi na madonge ya udongo, viwanja vilivyofagiliwa, vivuli vya migomba. Baadaye, kati ya 1934 na 1938, Godfrey na Monica Wilson waliishi hapa wakichunguza maisha ya Wanyakyusa, na kitabu cha Monica, *Good Company*, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza kwa kina vijiji ambavyo vijana wa rika moja walijijengea wenyewe.

Kuna jambo moja katika maelezo ya zamani ambalo mtu wa gereji hawezi kulipita. Ng'ombe walilala ndani. Mali kubwa kuliko zote ililala chini ya paa moja na mwenyewe, na kila asubuhi kinyesi kiliondolewa na sakafu ikafagiliwa. Usafi wa sakafu ile haukuwa urembo. Ng'ombe ndiyo iliyokuwa mahari, na ndiyo iliyokuwa chakula na heshima ya mtu.

Sasa nenda gereji yoyote ya Tukuyu saa kumi na mbili asubuhi. Utamkuta kijana ameshika fagio, anaondoa mchanga uliomwagwa jana juu ya oili, kabla lori halijaingizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba anaendeleza kazi ya babu yake. Anaambiwa tu kwamba fundi akiangusha nati kwenye sakafu chafu hataiona tena.

*

Jioni ya siku ya pili nilikaa na makaratasi ya Baba. Alikuwa mtu wa kuandika. Aliacha madaftari manne ya mauzo na manunuzi, yenye jalada gumu, yananuka dizeli. Nilitaka kitu kidogo tu, mstari mmoja wa mwaka 1986 utakaoitaja rangi, au nyota, au ile furaha. Nilitaka kumpelekea kaka ushahidi.

Mwaka 1986 wenyewe hauhitaji kuongezewa chumvi. Ligi ya Tanzania Bara ilikuwa mali ya Dar es Salaam. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na wawili hao walikuwa wamezoea kupokezana kombe. Tukuyu Stars, Banyambala, yaani wanaume, walikuwa wametoka tu kupanda daraja. Wakatwaa ubingwa msimu huohuo wa kwanza. Mji ambao wengi waliujua kwa ndizi, chai na mvua ukawa mji wa mabingwa wa nchi.

Na nchi yenyewe ilikuwa katika hali gani? Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka 1979 na kuacha hazina tupu. Mwaka 1983 kulikuwa na msako wa wahujumu uchumi. Wapo waliotupa sukari na vitenge mtoni usiku ili wasikutwe navyo. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Novemba 1985 Mwalimu Nyerere aliondoka Ikulu na Ali Hassan Mwinyi akaingia. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na milango ya biashara ikaanza kufunguka. Watu waliokuwa wamepanga foleni za sabuni kwa miaka walisikia redioni jina la mji wao likitajwa mbele ya Simba na Yanga. Ungekuwa na rangi na ukuta, ungechora.

Lakini Baba alichora sakafuni, na hapo ndipo hadithi yake iliponiponyoka.

Katika daftari la pili, ukurasa wa Oktoba 1988, kuna mstari ulioandikwa kwa kalamu ya bluu: *Saruji mifuko 10, Songwe. Mchanga trip 1. Kokoto. Sakafu ya mbele.* Nilirudi nyuma kurasa zote hadi mwaka 1985. Hakukuwa na saruji nyingine. Nilimuuliza fundi mzee aliyeanza kazi hapo akiwa mwanafunzi wa Baba. Alicheka. "Kabla ya hapo? Ilikuwa udongo tu. Mvua ikinyesha tulilala chini ya gari kwenye tope, tukitandika magunia."

Songwe ni kiwanda cha saruji karibu na Mbeya, kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla yake, mfuko wa saruji ya Wazo Hill, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1966, ulilazimika kusafiri nchi nzima kufika kwetu. Hata Songwe ilipoanza, saruji haikuwa kitu cha kununua kama chumvi. Mifuko kumi ya kilo 50 inatosha zege la sehemu moja ya gereji, mita tano kwa nne, ukiwa mwangalifu. Ndiyo maana sehemu ya kwanza tu ndiyo iliyopata sakafu mwaka ule. Nyingine mbili zilisubiri.

Kwa hiyo nyota haikuchorwa usiku wa ubingwa. Haikuwezekana. Usiku ule hapakuwa na sakafu, na karabai ingemulika tope. Ilichorwa miaka miwili baadaye, wakati kombe lilikuwa limeshakwenda Yanga mwaka 1987, na mwaka huo wenyewe wa 1988 likachukuliwa na Coastal Union ya Tanga. Baba alichora nyota ya mabingwa wakati mabingwa walikuwa wengine.

*

Nilikwenda jikoni kwa Mama na daftari mkononi. Alikuwa akimenya ndizi. Nilimsomea ule mstari. Hakuinua uso.

"Ile saruji ilikuwa yangu," alisema.

Alikuwa ameuza ndizi kwenye malori ya Dar es Salaam kwa miaka miwili, akiweka fedha kidogo kidogo, ili asakafie vyumba viwili vya nyumba. Watoto walikuwa wanapata funza. Yeye ndiye aliyempa Baba fedha akanunue saruji Songwe. Lori lilirudi jioni, mifuko ikashushwa gereji ili isilowe na mvua. Asubuhi alipoamka, Baba na vijana wake walikuwa wameshachanganya zege.

"Alisema gereji ikiwa na sakafu, wateja wa malori watakuja, na mwaka ujao nitapata mifuko ishirini. Nilikaa siku tatu sijamsemesha. Siku ya nne akachora ile nyota."

Nikamuuliza kwa nini nyota.

"Alisema ni ya mpira. Mimi nilidhani ananibembeleza. Mbona hakuniuliza kama nataka nyota?"

Sakafu ya nyumba aliipata mwaka 1991. Hilo nalo lipo daftarini: mifuko 12.

Nilikaa na jambo hilo usiku mzima. Mtu aliyesoma historia huambiwa mapema kwamba chanzo kimoja hakitoshi, na kwamba watu husogeza tarehe. Lakini kulisoma darasani ni kitu kimoja, na kulikuta kwa baba yako mzazi ni kingine. Baba hakuwa mwongo kwa tabia. Nadhani alichofanya ni kuihamisha nyota kutoka siku ya ugomvi kwenda siku ya furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. Wakati tulipokuwa wakubwa wa kuuliza, tarehe ilikuwa imeshakauka kama zege lenyewe.

*

Fundi mzee alinieleza jinsi nyota ilivyochorwa, na hapo niligundua kwamba Baba alikuwa mchoraji makini kuliko nilivyodhani.

Kwanza, hakuipaka rangi sakafu mbichi. Zege hupewa siku 28 kufikia nguvu yake ya kawaida, na kwa wiki kadhaa linatoa maji na chumvi zake. Ukilipaka rangi ya mafuta mapema, rangi hubabuka kama ngozi iliyoungua jua. Hapo nilimkatiza. Mama alisema siku ya nne. Fundi akatikisa kichwa. "Siku ya nne alichora kwa chaki. Mama yako aliiona ya chaki. Rangi ilikuja baada ya mwezi, chaki ikichorwa upya kila ilipofutika." Kumbe hata Mama alikuwa amebana mwezi mzima ukawa siku moja.

Pili, alipiga msumari katikati, akafunga uzi wa nusu mita, akazungusha duara. Nyota ya pembe tano haichorwi kwa kukisia. Duara lina nyuzi 360, na pembe tano zinataka nyuzi 72 kila moja. Gereji haina vifaa vya jiometri, lakini ukijua kwamba katika duara la nusu kipenyo cha sentimita 50 umbali kati ya ncha na ncha ni karibu sentimita 59, unakata kijiti cha urefu huo na kukizungusha mara tano. Kikirudi pale kilipoanzia, umepatia. Baba alikata kijiti. Hakuna anayejua nani alimfundisha.

Tatu, rangi. Ilikuwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ya kupakia mabodi ya magari. Ni jamaa ya ile rangi ya baiskeli ambayo Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchorea ndege na chui juu ya mbao laini jijini Dar es Salaam mwaka 1968, miaka minne kabla ya kifo chake. Sanaa nyingi ya nchi hii ilizaliwa kutoka kwenye makopo yaliyonunuliwa kwa kazi nyingine.

Kisha tuliongea juu ya epoksi. Siyo rangi ya kawaida. Ni vimiminika viwili vinavyochanganywa, na vikikutana huanza kugeuka kuwa kitu kigumu; ukichelewa, vinakugandia ndooni. Kemia yake ilianza kufanyiwa kazi miaka ya 1930 na Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani. Sakafu ya epoksi hainywi oili, hufutwa kwa kitambaa, na nembo inaweza kukatwa kwenye karatasi ya kunata, ikabandikwa, ikafunikwa na tabaka linaloangaza kama kioo. Lakini inachagua pa kushika. Inataka zege kavu, nalo kwa mvua za Tukuyu ni jambo la kupimwa: unabandika kipande cha nailoni sakafuni usiku kucha, na asubuhi ukikuta jasho chini yake, hupaki. Haipendi baridi; Julai yetu huichelewesha kukauka. Na haishiki juu ya rangi kuukuu.

Hili la mwisho ndilo lililomvunja moyo kaka. Wazo lake lilikuwa zuri: aifunike nyota kwa epoksi angavu, ibaki kama mdudu ndani ya kaharabu, na nembo ya kampuni ikae pembeni. Fundi wa epoksi kutoka Mbeya alikuja, akapiga magoti, akakwangua kwa kucha. "Hii rangi imeshiba oili, mzee. Nikimwaga juu yake, matairi ya moto yataondoka nayo yote miwili. Lazima niisage kwanza hadi kwenye zege safi. Halafu nitakuchorea nyingine, nzuri zaidi."

Nyingine, nzuri zaidi. Tulimshukuru, tukamwambia tutampigia.

*

Usiku ule tulikaa watatu. Kaka aliweka mezani hesabu zake, nazo zilikuwa za kweli. Ana watoto wawili sekondari. Gereji mbili zimefunguliwa barabara ya Kyela, moja ina mashine ya kupimia magari ya kisasa. Dereva wa lori linaloelekea Malawi huchagua gereji kwa dakika moja, kwa macho. Sakafu safi inamwambia kwamba spana zimepangwa na nati hazipotei. "Nyota haimwambii kitu," alisema. "Asilimia kubwa ya madereva hawajazaliwa 1986."

Nilimwambia niliyoyapata: kwamba haikuchorwa 1986. Nilitegemea angefurahi, maana nilikuwa nimemwondolea mzigo. Badala yake alikaa kimya muda mrefu.

"Kwa hiyo Baba alitudanganya."

"Alisogeza tarehe."

"Ni kilekile."

Mama ndiye aliyemaliza mazungumzo. Alisema kampuni ipake kuta zote inavyotaka, rangi yoyote. Iweke epoksi sehemu ya pili na ya tatu, na nembo yake ikae hapo, kubwa kama trela. Lakini sehemu ya kwanza ni mifuko yake kumi, na hakumbuki kumuuzia mtu.

Kaka alikwenda kujadiliana na wenye kampuni. Walikubali, kwa malipo pungufu. Kiasi gani kimepungua anakijua yeye, na hajanieleza. Ninachojua ni kwamba mwaka huu ada ya mtoto mmoja ilichelewa, na nilituma nusu yake. Kuna siku za mwisho wa mwezi ambapo nadhani angenyanyua simu akaniuliza tena kama kile kitu kina thamani, na nisingekuwa na jibu la fedha.

Kabla sijaondoka, tulitandika nailoni angavu juu ya nyota, tukaifuatisha kwa kalamu ya wino mzito: pembe tatu nzima, mbili zilizofutika, tundu la msumari katikati. Pembeni niliandika *Oktoba–Novemba 1988, saruji ya Mama*. Kaka akaikunja, akaiweka kwenye daftari la pili.

Sasa ukiingia gereji utaona sehemu mbili zinazong'aa kijivu zikiwa na nembo inayoakisi taa, na moja iliyochakaa yenye nyota. Madereva, kaka ananiambia, hupenda kuegesha kwenye zile mpya. Ile ya kwanza hubaki kwa magari ya wenyeji. Wakati wa mvua ni hiyo tu ambayo watu hawatelezi, kwa kuwa zege kuukuu lina mikwaruzo.

Na asubuhi kijana anazifagia zote tatu.